Mkono wa Unga kwenye Kifaru

Mwaka ule baada ya vita, mkoa ulitaka vifaru vya mfano kwa ajili ya maonyesho ya Sabasaba. Vya kweli vilikuwa vimekwisha kurudi kambini, vile vilivyorudi. Walitaka vidogo, vya mbao na bati, vya kupangwa juu ya meza yenye kitambaa, ili wananchi wakione kwa utulivu kitu kilichopita mbele ya nyumba zao kikielekea Kagera. Vijiji vikaombwa, shule zikaombwa, na maseremala wa mjini nao wakaombwa. Halafu ikaundwa kamati ya watu watatu ya kukagua alama zilizobandikwa kwenye vifaru hivyo, kama ni zile zile zilizokuwepo vitani. Mimi nikawekwa kwenye kamati hiyo.

Sikuomba. Nilikuwa mchora ramani katika ofisi ya ardhi, na afisa utamaduni, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti, alisema anahitaji mtu mwenye jicho. Nadhani pia alifikiri ananisaidia. Mume wangu alikuwa dereva wa kifaru na hakurudi. Watu wa Mwanza walikuwa wameshika wazo kwamba mjane akipewa shughuli atapona haraka, basi wakanipa shughuli: nikashona bendera, nikasahihisha hotuba za watu wasiojua pa kuweka nukta, na sasa nikaletewa vifaru. Nilikubali kila kitu kwa sababu kukataa kunahitaji nguvu. Siku zile nilikuwa nimekufa ganzi. Nilikula nilipopakuliwa, niliitika nilipoitwa, na mistari yangu ofisini ilinyooka kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Mkuu wangu wa kazi alinisifu mbele ya wenzangu, nikasema asante.

Alama zenyewe zilikuwa stika za maji, zile unazoloweka kisha zinateleza kutoka kwenye karatasi, kama maandishi ya kwenye fremu za baiskeli. Mjini alikuwepo fundi baiskeli mmoja karibu na soko aliyejua kuzitengeneza mwenyewe, maana za dukani zilikuwa zimeadimika pamoja na sabuni, sukari na vingine vyote. Alichemsha gundi ya mgunga, akapaka kwenye karatasi, akaiacha ikauke, kisha akachora juu yake kwa rangi ya mafuta na kumalizia na vanishi. Ukiiweka ndani ya bakuli la maji, ile gundi ya chini inalegea na picha inaondoka nzima nzima, bila kuacha hata unywele kwenye karatasi. Nilipenda kumtazama akifanya kazi hiyo. Kusema nilipenda ni kuzidisha; tuseme sikuchoka kumtazama.

Ubaya wake fundi yule hakumbishia mteja. Aliyemwambia achore jembe na nyundo, alichora. Shule moja ilileta kifaru kimebandikwa namba ya lori la mkuu wa shule. Kijiji kimoja kilileta chenye picha ya kifaru mnyama, pembe na kila kitu, na mwenyekiti wa kijiji akatueleza kwa upole kwamba ni jambo linalojieleza. Kingine kilikuwa na maneno ya mkanda wa khanga pande zote mbili. Seremala mmoja wa Buzuruga, mtu mwenye mikono ya dhahabu kabisa, alitengeneza minyororo ya kifaru kwa vizibo vya soda hadi ikazunguka, halafu akaharibu yote kwa kubandika twiga mkubwa kwenye ubavu. Tulipomwambia hapakuwa na twiga vitani alituuliza tuna uhakika gani, kwani sisi tulikuwepo?

Mmoja wetu alikuwepo. Mjumbe wa tatu wa kamati alikuwa sajini aliyerudi na mguu mbovu, mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kukigeuza kila kifaru na kukitazama tumbo kwanza. Yeye ndiye aliyetupa kipimo. Alisema vifaru vyetu vilikuwa na namba nyeupe kichwani, pale penye mzinga, na basi. Kilichokuwepo kinabaki, kisichokuwepo kinabanduliwa. Tukafanya kazi hivyo mchana baada ya mchana katika ukumbi uliokuwa na madirisha upande mmoja tu. Mimi nilikuwa na bakuli la maji na kitambaa. Nilibandua twiga, nikabandua khanga, nikabandua namba ya lori, na wenye vifaru walisimama kando wakinitazama kama ninawanyonyoa kuku wao.

Kisha akaja mama mkwe wangu.

Nieleze kwanza kilichotokea Kigongo, maana bila hicho hakuna kitakachoeleweka. Mama mkwe alikuwa akiishi Kigongo, juu kidogo ya kivuko cha kwenda Busisi. Kwao, mwana akisafiri, mama huchanganya maji na unga wa mtama, akachovya kiganja na kukibandika kwenye kile kinachomchukua mwanawe: mtumbwi, baiskeli, hata mlango wa basi. Mimi natoka Kagera, kwenye familia ya Kilutheri iliyonyooka kama rula, na sikuwahi kuona jambo hilo kabla sijaolewa. Mara ya kwanza aliibandika baiskeli niliyopanda mimi. Nilikaa na alama ile kwenye kiti mpaka ikapotea yenyewe.

Siku kikosi cha mume wangu kilipovuka, foleni ilikuwa ndefu. Malori yaliyobeba vifaru vyepesi yalisimama barabarani yakingoja zamu ya kivuko, na wanakijiji walishusha viazi, maziwa ya mgando na samaki waliokaangwa, wakiwapandishia askari kwenye magari. Mimi nilikuwa nimefika kwa lori kupitia Usagara, mtoto wetu yuko mgongoni, bado mchanga. Mume wangu alipata ruhusa ya kushuka. Tulizungumza mambo ya kodi ya nyumba na mlango uliokuwa unagoma kufunga. Mama yake akaja na kibuyu chake, akachovya kiganja, akakibandika kwenye chuma, pembeni kabisa mwa tundu la dereva.

"Mama, unakichafua kifaru cha serikali," mume wangu alimwambia, akicheka.

"Selikali itanisamehe," alisema.

Basi kina mama wengine nao wakaingia na viganja vyao, na kabla kivuko hakijarudi vifaru kadhaa vilikuwa na mikono myeupe. Askari walicheka, hakuna aliyekataza. Mkono wa mama mkwe ungeutambua katikati ya mingine yote, kwa sababu kidole chake kidogo kilipinda kuelekea ndani tangu alipokigonga na mchi akiwa msichana. Nilimwona mume wangu akivuka akiwa amesimama karibu na mkono huo. Hiyo ndiyo picha niliyobaki nayo.

Habari ilipokuja, ilikuja pamoja na kaburi. Amezikwa upande wa kwetu, Kagera, pamoja na wenzake. Sisi tulikaa matanga Kigongo bila maiti. Siku ya pili ya matanga, mwanamgambo mmoja aliyekuwa amerudi alikuwa akiwasimulia wanaume wenzake. Alisema kule kitu cheupe kilionekana kwa mbali sana kwenye majani yale, na aliyekuwa na cheupe ndiye aliyeanza kupigwa. Alikuwa anasimulia habari ya shati lililoanikwa kwenye lori. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa pili wa ukuta wa matete, na alisikia kila neno.

Tangu siku hiyo aliufunga mkono wake wa kulia. Alichana kipande cha khanga nyeusi, akauzungusha kuanzia kwenye vidole hadi kifundoni, kama mtu aliyeungua. Hakusaga tena, hakusonga ugali. Mtu akimpa mkono wa pole yeye alimpa kifundo. Alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, yeye aliyekuwa akiwagombeza wajukuu wote kwa kosa hilo. Binti yangu, ambaye sasa alikuwa anatembea, alijifunza kwamba huyu bibi hashikiki, akawa anapita mbali. Shemeji zangu walimwambia aache, mchungaji alimwambia, majirani walimwambia kwamba mkono ule ulikuwa baraka tupu na mwanawe alikufa nao kwa amani. Kadiri walivyomwambia hivyo ndivyo alivyozidi kuukaza.

Mimi sikumwambia kitu. Na ukweli ni kwamba mimi nilitaka mkono ule uwe ulikuwepo. Nilitaka sana. Nilikuwa sihisi kitu kingine chochote, lakini hilo nililijua: sikupenda kufikiri kwamba alikufa bila kitu chochote cha nyumbani karibu naye. Wazo kwamba mkono wa mama yake ulikuwa pale kwenye chuma, karibu na uso wake, ndilo lililonifanya niweze kulala.

Siku ile mama mkwe alipoingia ukumbini alikuwa amejitwisha kifaru ndani ya ungo. Alikuwa amemwomba seremala wa kijijini akichonge, kisha akaja mjini peke yake hadi kwa fundi baiskeli. Mbele ya fundi yule alifungua kitambaa, akaweka kiganja mezani, akaagiza kichorwe kidogo kwa kipimo cha kifaru, kisha akafunga tena. Fundi alikuwa amefanya kazi nzuri kupita zote. Pembeni mwa tundu la dereva palikuwa na mkono mweupe usiozidi ukucha, na kidole chake kidogo kimepinda kuelekea ndani.

"Shikamoo mama," sajini alisimama, mguu mbovu ukimchelewesha.

"Malahaba, baba." Aliweka ungo mezani. Mimi hakunitazama. "Naambiwa ninyi mnasema alama ipi ilikuwepo na ipi haikuwepo."

"Ndivyo, mama," alisema afisa utamaduni.

"Nataka mniambie huu mkono. Alipokufa mwanangu ulikuwepo, au haukuwepo. Watu wote wananihulumia. Msinihulumie."

Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, mkono uliofungwa ameulaza mapajani.

Afisa utamaduni aliupenda mkono ule papo hapo. Alituvuta kando akasema huo ndio mshikamano wenyewe wa wananchi na jeshi lao, mgeni rasmi atasimama hapo hapo, atapiga picha. Akasema tukipitishe. Sajini alikuna shingo. Alisema mikono aliiona Kigongo kwa macho yake, mingi tu. Baada ya hapo hakuangalia, alikuwa na mambo mengine ya kuangalia.

"Basi ilikuwepo," alisema afisa.

"Kigongo," alisema sajini.

Wakanigeukia mimi. Ningeweza kujitoa, hata afisa alisema, kwa kuwa marehemu ni mume wako, mama, ukipenda pumzika. Lakini nilijua nikijitoa watakipitisha, na yule mama atarudi Kigongo na muhuri wa mkoa kwamba mkono wake ulikuwa pale, mweupe, unaonekana kutoka mbali. Nikipiga kura ya ndiyo ninapata nilichokitaka mimi. Nikasema nipeni siku mbili tatu, nitapima. Afisa akauliza nitapima nini. Nikamwambia unga.

Mama mkwe akafikia kwangu, kwenye vyumba viwili nilivyopanga. Alikaa kwenye kigoda akaniangalia nikikata mabati ya makopo ya mafuta ya kupikia na kuyanyoosha kwa nyundo. Nilikuwa nimepewa ofisini rangi kidogo ya kijani, ile ya mafuta, nikayapaka mabati yote na kuyaacha yakauke sawasawa. Nikakoroga maji na unga wa mtama. Nikamwomba afungue mkono anibandikie, kwa kuwa ni yeye anayejua uzito wa uji wenyewe. Akatikisa kichwa.

"Ongeza unga kidogo," alisema tu.

Nikaongeza, nikabandika mkono wangu mwenyewe. Mkono wa mchora ramani ni mwembamba, hauna sugu, lakini ulitoka vizuri kila bati. Nikayaweka juani juu ya paa la jikoni mpaka chuma kikawa moto wa kuunguza. Unga ukakauka ukakaza. Bati la kwanza nikalimwagia maji kwa kopo lenye matundu, kidogo kidogo, nikiigiza mvua. Mkono ukalegea, ukachuruzika, lakini haukuisha. Nililimwagia tena na tena, na bado ukitazama kwa mwanga wa pembeni uliona utando, vidole vikiwa vimebaki kama moshi. Mama mkwe aliinuka kwenye kigoda akauona. Akarudi kukaa. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

Nami niliuona. Nilifurahi. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: yeye alikuwa anazama pale kwenye kigoda, na mimi nilifurahi.

Asubuhi yake nilikwenda kumwuliza sajini jambo moja ambalo hatukumwuliza. Vifaru vilivuka hivyo hivyo, na rangi yake wazi, mpaka mpakani?

"Hapana," alisema. "Tulipofika Busisi tulivipaka tope. Amri. Kila gari, kila kifaru. Mimi ndiye niliyekuwa nakagua."

"Juu ya ile mikono?"

"Juu ya kila kitu. Hatukusafisha kwanza, tulipaka tu. Hapakuwa na muda wa kuosha."

"Na likikauka likidondoka?"

"Mnapaka tena. Na mvua ikinyesha mnapaka tena. Kule mvua ilinyesha karibu kila siku, tulikuwa hatuna kazi nyingine zaidi ya kupaka."

Habari ya mvua hakuwa na haja ya kunithibitishia. Nimezaliwa upande ule. Kwetu mvua haiulizi ni mwezi gani, na mwisho wa mwaka ndipo inapohamia kabisa.

Nikateremka ziwani nikachota tope kwenye debe la rangi. Nililipaka kwenye bati la pili, juu ya mkono wangu wa unga, unene wa kidole, nikaliacha juani mpaka likapasuka. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake. Nikachukua kopo la matundu nikamwaga maji. Kwa muda hapakutokea kitu. Tope lilikunywa maji likawa jeusi. Halafu likaanza kuteleza. Liliondoka kwa mapande mapana, polepole, na kila pande lilipoanguka lilionyesha tumbo lake, na kwenye tumbo palikuwa na unga. Ule unga ulikuwa umelegea kama gundi ya mgunga inavyolegea kwenye bakuli la fundi baiskeli, ukaachia chuma, ukaondoka umelikumbatia tope. Bati likabaki kijani kitupu. Nililiinamisha kwenye mwanga wa pembeni. Nikalisugua kwa kidole. Nikafanya la tatu na la nne, nikipunguza tope, nikiongeza, nikiliacha juani zaidi. Yote yakawa vile vile.

Nilijua tayari tangu la pili. Yale mengine niliyafanya kwa ajili yangu mwenyewe, nikitafuta hata kidole kimoja.

Mama mkwe hakuwa ameelewa. Aliniona tu nimekaa chini karibu na maji machafu.

"Haukuwepo, mama," nilisema. "Walivipaka tope Busisi, siku ile ile. Mvua ya kwanza tu mkono uliondoka na tope. Alikuwa hajafika hata mbali."

"Wote?"

"Wote."

"Vidole?"

"Hata kidole."

Alisogea akalichukua bati la mwisho kwa mkono wa kushoto, akaligeuza, akalileta karibu na macho yake ambayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alilikagua muda mrefu, kuliko sajini alivyokagua kifaru chochote. Kisha akaliegemeza ukutani na kusema twende tukawaambie.

Ukumbini afisa utamaduni hakufurahi. Alisema unga ni unga, nani atapanda juu ya meza kuuliza habari za mvua. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nafikiri kama mchora ramani, kwamba ningemfikiria pia mama wa watu. Sajini akasema tope lilipakwa, yeye ndiye aliyekagua, na kama kamati inabandua twiga basi ibandue na huu mkono. Wawili kwa mmoja. Afisa akaandika.

Nikachovya kitambaa kwenye maji, nikakilaza juu ya ule mkono mdogo, nikasubiri. Fundi alikuwa ametumia gundi nzuri. Nilipobonyeza kwa kidole ukateleza mzima, na kidole chake kilichopinda, ukaingia kwenye bakuli na kuelea. Mama mkwe alikuwa amesimama begani kwangu. Nilimsikia akitoa pumzi ndefu, pumzi ambayo nafikiri alikuwa ameishika tangu matanga. Pale pale mbele ya wanaume wale alifungua fundo la khanga kwa meno, akauzungusha mkono mpaka kitambaa kikaisha. Ngozi ilikuwa imepauka na kujikunja. Akaunyoosha kwa sajini.

"Asante, baba," alisema, na sajini akaushika kwa mikono yake miwili.

Mimi nilimwaga maji ya bakuli nje ya dirisha. Sikumwonea wivu, sikulia, sikuhisi chochote. Nilikuwa nimekifuta kwa mikono yangu kitu kimoja nilichokuwa nacho, na nilikifuta vizuri, bila kuacha alama. Nikaendelea na kifaru kilichofuata. Kilikuwa cha shule ya misheni, na namba yake ilikuwa sahihi.

Jioni ile nilimkuta mama mkwe jikoni. Alikuwa amepuliza moto mwenyewe na kubandika sufuria, na unga wa mtama uliobaki kwenye vipimo vyangu alikuwa ameumimina kwenye ungo. Binti yangu alikuwa amesimama karibu naye, karibu kabisa, anakula kipande cha kiazi kilichotoka mkononi mwa bibi yake. Nilijaribu kuchukua mwiko kwa kuwa nilijua mkono wake haujazoea tena.

"Sogea," alisema.

Akanisukuma kwa kiganja mgongoni, si kwa nguvu, kama unavyomsogeza ng'ombe unayemfahamu. Nikasogea. Tulikula, akatumegea matonge makubwa kuliko inavyotakiwa, na alfajiri alirudi Kigongo kwa lori la samaki.

Nilikwenda kazini na gauni langu jeusi lile lile la jana. Nilikuwa nalo moja, na sabuni nilikuwa naitunza kwa nguo za mtoto. Nilikaa kwenye kiti changu kirefu, nikabandika karatasi, nikaanza kuchora barabara ya kijiji kipya cha ujamaa ambacho nyumba zake zilikuwa zimepangwa kwa mistari kama darasa. Mwenzangu wa meza ya nyuma, binti mchangamfu aliyekuwa na mazoea ya kumrekebisha kila mtu kola, akasema, "Dada, mgongoni una unga."

Nikamwuliza unga wa namna gani.

"Mweupe. Ni mkono wa mtu, kabisa, na kiganja chake. Kidole kimoja kimepinda. Ngoja nikupanguse."

Nilitaka kumwambia asiguse, lakini sauti haikutoka. Kilichotoka ni kilio, kikubwa, cha aibu, cha mtu anayelilia msiba siku ya kwanza, na watu wa ofisi yote wakainuka kwenye meza zao. Wino ulimwagika kwenye barabara ya kijiji kile, ikabidi baadaye niichore upya. Yule binti alikuwa amesimama nyuma yangu na leso mkononi, amechanganyikiwa, akiuliza apanguse au asipanguse. Nikamshika mkono nikamwambia auache.